Mfupa Nyuma ya Sikio la Dada

Katika ukoo wetu hajazaliwa mwenye masikio kama yangu. Namsikia sisimizi akibadili nia. Wiki iliyopita birika lilichemka, likakauka, likaungua kitako, na mimi nimekaa ubavuni kwake nikisifu utulivu wa nyumba. Kwa hiyo tuseme hivi: nasikia ninachotaka, na kimoja nisichokitaka.

Hicho nisichokitaka ni kijiko. Kinagonga ukuta wa chumba cha nyuma alasiri, wakati watu wamejilaza na hata kuku wamenyamaza. Ko, ko, ko. Kinapumzika. Ko, ko, ko. Ndivyo mama yetu alivyokuwa akituita alipougua na sauti ikamwisha. Chumba cha nyuma sasa kina magunia matupu tu. Kijiko chenyewe kiko jikoni ndani ya kopo. Nimekwenda kukichungulia mara nyingi kikigonga, nikakikuta kimetulia tuli, kama mtoto aliyetoka kuvunja kitu.

Nyumbani tuko wawili, mimi na Dada. Yeye ananiita Kidomo, jina nililolipata kwa jasho langu. Yeye ndiye mkubwa, na sikio lake la kushoto lilikufa utotoni. Lilitoa usaha mpaka ugonjwa ukaingia kwenye mfupa ulio nyuma yake. Wakaukwangua hospitali, wakamwachia shimo ambalo kidole gumba kinaingia kama kimepimiwa. Shimo hilo lilimlea vizuri. Akitumwa kutoka upande wa kushoto, hasikii. Akiitwa kula kutoka upande huohuo, muujiza. Mama alikuwa akicheka, akisema sikio la binti yake halikufa, lina usingizi wa mang'amung'amu tu.

Alasiri aliyofariki Mama mimi nilikuwa nimekwenda kusaga unga. Dada alibaki naye, amejilaza chumba cha kati, kitanda chake cha chuma kimegusa ukuta uleule unaopakana na chumba cha Mama. Niliporudi nilimkuta Mama sakafuni, mkono umenyooka kuelekea ukutani, kijiko kiganjani. Pale kilipogonga, rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka, na si kidogo. Watu walipojaa, Dada aliwaeleza kwamba alikuwa amelalia sikio zima, na lililobaki juu ni lile lililokufa. Akageuza kichwa, akaonyesha shimo. Nani atabishana na shimo? Hata mimi nilimshika mkono nikamwambia pole, dada yangu.

Basi kijiko kikaanza. Nami nikaanza kuona mambo. Dada alikivuta kitanda mpaka katikati ya chumba, unakizunguka kama unavyozunguka meza, akasema ukuta una unyevunyevu. Kisha alasiri moja nilipita mlangoni kwake nikamkuta anajitia pamba masikioni, yote mawili. Nikamwuliza la kushoto analiziba la nini. Akasema upepo unamwingia shimoni. Nikaondoka na swali langu: nani hufunga mlango wa chumba kisicho na mtu?

Nilitaka kujua kitu kimoja tu kabla sijafa. Alimsikia Mama, au hakumsikia? Kama hakumsikia, basi kijiko ni uzee wangu, nitauvumilia kama ninavyovumilia magoti. Kama alimsikia, basi nimekuwa nikila sahani moja na mtu nisiyemjua, na Mama hagongi bure.

Nikaenda kwa daktari wa masikio, binti mwembamba mwenye mikono ya baridi. Mezani kwake kulikuwa na sikio la plastiki kubwa kama sufuria ya shughuli, linafunguka vipande vipande. Akanionyesha kiwambo, kisha vifupa vitatu vinavyosukumana nyuma yake, nyundo, fuawe na kikuku. Nikamwambia kumbe kichwani nina karakana nzima ya mhunzi na sijapata hata jembe. Akacheka. Halafu akanionyesha kitu kilichojikunja kama konokono, akasema huyo ndiye anayesikia hasa, hao wengine ni matarishi wa kumpelekea habari. Amezikwa ndani ya mfupa mgumu ajabu, na nyuma kidogo ya hapo kuna mfupa mwingine wenye vijumba vya hewa kama sega la nyuki. Huo wa sega ndio waliomkwangua Dada.

Nilipomweleza habari ya kijiko, hakunicheka. Alisema mshipa mkubwa wa damu unapita jirani na yule konokono, na huenda ninachosikia ni damu yangu mwenyewe. Nilimjibu kwamba damu yangu ina tabia mbaya nyingi, lakini haijapata kugonga mara tatu ikapumzika.

Kisha nikamwuliza kuhusu sikio lililokufa. Akachukua chuma chenye meno mawili marefu, akakigonga gotini kikaanza kuvuma, akausimamisha mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio langu la kushoto. Kichwa kizima kililia.

"Mfupa hauna upande, bibi," akasema. "Nikigusa kushoto, konokono wa kulia naye anasikia. Mwenye sikio moja bovu huniambia: nasikia, lakini sauti iko upande ule mzima."

Nilirudi nyumbani polepole, na si kwa sababu ya magoti: kitanda cha chuma kilichogusa ukuta kingeufikisha mlio mpaka mfupani.

Nilimdanganya Dada. Nilisema daktari atanichokonoa sikio kwa sindano, naogopa, anisindikize. Hospitali haipendi, lakini kuniona mimi nikilia ni kitu ambacho asingekubali kusimuliwa. Akavaa kitenge chake kizuri. Tulipofika nikamwomba daktari ampime na mkubwa wangu maadamu tumekuja. Dada akakunja uso.

"Langu lilishazikwa, mwanangu," akamwambia. "Mpime huyu Kidomo. Mdomo wake ndio unaomziba masikio."

Lakini alikaa. Angekataaje, na mgonjwa anayejulikana ukoo mzima ni yeye?

Daktari alimulika sikio la kulia, akasema zima. Akamulika la kushoto, akakawia. Juu yetu feni ilijizungusha. Akakigonga kile chuma, akakileta hewani karibu na sikio la kulia. Dada akasema anasikia vizuri. Akakihamishia la kushoto. Dada akasema huko ni makaburini.

Ndipo daktari akakigonga tena, kwa nguvu zaidi, akausimamisha mpini ndani ya lile shimo, juu ya mfupa. Mimi nilikuwa nautazama uso. Kope zilicheza. Taya likakaza, kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani na hataki kugeuka.

"Hapa je, bibi?"

Dada akafumba macho. Akainamisha kichwa kama alivyokiinamisha siku ile mbele ya watu, shimo likanielekea mimi.

"Hapo? Hapo sisikii kitu, mwanangu. Tangu utotoni."

Meno ya chuma yalikuwa bado yanatetemeka. Daktari hakuyaondoa.

"Hata kwa lile sikio zima?" akamwuliza taratibu. "Kichwa chote, hakuna sauti?"

Dada akafumbua macho. Hakumtazama daktari. Alinitazama mimi, na mkono wake ukapanda polepole mpaka sikio la kushoto, ukaanza kupapasa ukitafuta pamba ambayo siku hiyo hakuivaa.