Tairi Zilizokuja na Gari

Verna Tollefson alinunua gari jipya mwezi wa tatu, mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe, Orrin. Lilikuwa gari la kwanza kuandikishwa kwa jina lake mwenyewe. Miaka arobaini na minne Orrin ndiye aliyeshughulika na magari. Yeye kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka.

Januari ilipofika, gari likaanza kuteleza hata pasipokuwa na barafu, na tairi moja ya mbele ikaota nundu ubavuni. Verna akakitoa kitabu cha waranti, akakisoma mezani huku supu ikipoa, akaona pameandikwa miaka mitatu. Moyo ukatulia. Jumatatu asubuhi akalirudisha gari kwa waliomuuzia, kule mwisho wa mji karibu na barabara kuu.

Aliyempokea ni Leland Schaff, mtu wa miaka hamsini na kitu. Verna alikuwa mpishi wa shule ya msingi miaka thelathini, na Leland, kama sisi wengine wengi hapa Jamestown, alikua kwa chakula chake. Akamuuliza kama amemletea mikate ya mdalasini. Verna akamwambia atengeneze gari kwanza, habari ya tumbo lake itafuata.

Lakini waranti haikuwa kama alivyoisoma. Leland akamweleza taratibu kwamba ile miaka mitatu ni ya injini, giaboksi na mengineyo, si ya tairi. Tairi zina waranti yake, inatoka kwa waliozitengeneza, nayo imo katika kitabu kingine chembamba ambacho watu hawakifungui. Tena hiyo ni ya kasoro za kiwandani tu. Tairi zinazokuja na gari, zikiisha kwa kutembea, zimeisha.

Akachukua kipimo kidogo, akapima kashata, yale matuta ya mpira yanayoshika barabara, tairi moja baada ya nyingine. Tatu zilikuwa vipara kabisa, zimelika sawasawa. Ile yenye nundu ndiyo iliyokuwa na kasoro. Hiyo angeweza kuidai. Akaketi kwenye kompyuta kujaza fomu, akafika mahali pa maili, akanyanyuka kwenda kuangalia mwenyewe garini. Elfu thelathini na nane, kwa miezi kumi.

Aliporudi alishusha sauti. "Bi Verna, unasambaza vifurushi vya watu kwa gari?"

"Nisambaze vifurushi, mimi?"

"Lazima nikuulize. Gari likifanya biashara, watu wa tairi wanakataa. Na maili hizi, mtu anayekaa mjini peke yake hazifikishi."

Verna akazitazama glavu zake mapajani.

"Jumatatu naenda Fargo, karibu maili mia," akasema. "Nanunua kahawa, nakunywa, narudi. Jumanne Bismarck. Siku nyingine natafuta mji nisiowahi kufika, nikifika nageuza."

"Una mtu huko?"

"Sina. Ila nikiwa barabarani siisikii ile nyumba."

Leland akaigeukia fomu kwenye kompyuta. "Hapa pa matumizi ya gari wameweka biashara na familia tu," akasema.

Verna akafikiri. "Andika familia."

Kabla ya saa sita mchana jibu likarudi. Tairi moja wangembadilishia, naye achangie kwa kiasi ilivyokwisha kutumika. Tatu akazinunua. Leland akamwonya asipitishe maili elfu tano bila kuja kubadilishiwa nafasi, za mbele ziende nyuma na za nyuma mbele, na kila mara iandikwe, la sivyo safari ijayo hata kasoro hawataisikiliza. Alipomkabidhi ufunguo alionekana ana neno jingine, lakini akazungumzia upepo wa kaskazini.

Jioni Verna akampigia mwanawe Curt, aliyeko Phoenix, akamsimulia habari za tairi. Curt akafurahi kwamba mama amefuatilia mambo mwenyewe. Akauliza kama siku hizi anaendesha sana.

"Hapana," Verna akasema. "Dukani na kanisani."

Kesho yake akajaza chai kwenye chupa, akashika njia ya magharibi. Theluji ilikuwa ikipeperuka chinichini juu ya lami, na gari lilikamata barabara vizuri. Alipofika Bismarck aliegesha mbele ya duka la kahawa, asishuke mara moja. Alikuwa amewaza jambo njiani: ni Jumanne, na yuko mtu mmoja kule Jamestown anayejua aliko. Aliona aibu, aibu ya kweli, hata masikio yakawaka moto. Kisha akaona nafuu kidogo, asiyoitarajia, wala hakujua aifanyie nini.

Alikaa hivyo mpaka vioo vikaingia ukungu. Halafu akafunga zipu ya koti, akaingia ndani, akaagiza kahawa.