Mstari wa Milamula

Marehemu mume wangu Rugaibula alipenda ardhi kupita kiasi. Mimi Ephrasia niliishi naye miaka ishirini na sita, kwa hiyo mtu asinifundishe habari zake. Aliwahi kung'oa mlamula wa jirani yetu Mutembei na kuuchomeka hatua tatu ndani ya kibanja cha mwenzake. Kwetu mti huo ndio mpaka, na kuusogeza ni aibu ya ukoo mzima. Nalisema hili mapema ili mjue kwa nini hakuna aliyeniamini.

Mwaka wa sitini na nne ziwa lilipanda, watu wakawa wanafunga mitumbwi kwenye migomba yetu. Nyumba ikaanguka, tukahamia juu. Siku maji yalipotulia, Rugaibula alitembea ukingoni mwake tangu kijito hadi miambani, akichomeka mlamula kila baada ya hatua kumi. Nilimwuliza kwa nini asitumie mti mwingine. Akasema mlamula haufi, na hakuna mwenye akili anayeung'oa. Mwanamume yule! Alichukua alama ya mali akaandikia habari za maji, halafu miaka mitano baadaye akafa akaniachia mimi maelezo.

Mwaka wa sabini na nne, watu waliposhushwa kutoka milima ya Izigo kujenga kijiji cha ujamaa, ziwa lilikuwa limerudi nyuma na tambarare imekauka, inapendeza macho. Kagaruki, mwenyekiti wetu mpya, alisimama mbele ya milamula akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mzee alijigawia mpaka ziwani," akasema. "Mama Benigna, huu ndio ubepari tunaoupiga vita."

"Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo maji yalipofika. Chini ya mstari huu pasijengwe."

"Maji yana mlamula?"

Watu wakacheka. Mutembei alicheka kuliko wote, na sikumlaumu.

Mimi ningenyamaza, lakini kiwanja cha mwanangu Benigna na mumewe Aristides kilikuwa chini ya mstari. Benigna ndiye mtoto pekee niliyebakiwa naye, na alikuwa na mimba. Nilikwenda kwa Kagaruki asubuhi, nikaenda mchana, nikaenda tena. Nilikuwa silali. Mwisho nikamwambia wachimbe shimo la choo cha Benigna kwanza. Wakikuta maji, wampandishe. Nilijiona nina akili sana.

Wakachimba mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Futi sita, vumbi. Futi kumi, vumbi. Aristides alitoka shimoni na udongo mkavu mkononi, akanionyesha akiwa ameinamisha macho, mkwe wangu mwenye adabu.

Niliona aibu ya kuniua. Lakini kibaya zaidi, shaka iliniingia. Nikamkumbuka Rugaibula na kile kibanja cha Mutembei, nikajiuliza kama hakunidanganya na mimi. Nilisahau kwamba kwa macho yangu nilikuwa nimeona mitumbwi kwenye migomba. Siku ya kazi za pamoja, walipoanza kung'oa mstari ili kulima shamba la kijiji, nilichukua jembe langu nikang'oa kuliko wanaume. Nilitaka wanione. Jioni tuliichoma yote.

Benigna akajifungua binti, Anatolia, na masika mawili yakapita salama. Masika ya tatu mvua hazikukata. Ziwa lenyewe lilikuwa bado mbali; maji yalitoka chini. Choo cha Benigna kilijaa, kikafurika, uchafu ukaelekea mlangoni. Kesho yake sakafu ya nyumba ikalowa, na Anatolia akaanza kuhara. Nyumba tisa zikawa hivyo hivyo. Na nyuma ya nyumba, kila asubuhi, ziwa lilikuwa limesogea.

Kagaruki alikuja kwangu bila kofia. "Mama, tunahamisha watu leo hii. Tuonyeshe mstari ulipita wapi."

Nikatoka naye. Shamba la kijiji lilikuwa limelimwa mara sita, mahindi tangu kijito hadi miambani, hakuna kisiki wala shimo. Nilikwenda huku, nikarudi. Kila mahali palifanana. Rugaibula alikuwa amesema kweli mara moja katika maisha yake kuhusu ardhi, na mimi ndiye niliyemfuta.

"Sijui," nikasema.

Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Tukaanza kupanda mvuani, nyumba tisa na mizigo. Mbele alikuwa Benigna, mtoto mgongoni amelegea. Alifika mahali pakavu, akatua kapu, akanigeukia.

"Hapa, Mae?"

Nikatazama chini, nikatazama ziwa.

"Panda kidogo, mwanangu."

Akapanda. Akatua tena. "Hapa?"

"Panda tena."