Mkalimani wa Mama

Mama yangu ni dobi, na ana mume wa miaka saba. Ndiye mjukuu wake, mtoto wa kaka yangu, aliyezaliwa ughaibuni na asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Kila Jumapili akipiga simu, Mama husema, "Helo, mume wangu," kisha hunikabidhi simu mimi, mwalimu wa Kiingereza, akabaki kunitazama mdomo.

Wiki hii alichoka. "Mume gani huyu wa kuzungumza naye kwa mkalimani? Nifundishe, mwanangu, leo hii."

Alikuwa akinyunyizia maji shati la mteja. Nikamweleza kwamba Waingereza hukichukua kitenzi wakakifungia "ing" mkiani, kitendo kikawa jina la kitu. "Iron" ni piga pasi. "Ironing" ni kule kupiga pasi kwenyewe. Unaweza kupenda kule kupiga pasi, kuchukia, hata kuanza nako sentensi.

"Kumbe ni kupiga pasi tu," akasema. "Sisi tumeweka 'ku' mbele, wao wamepachika lao nyuma. Makelele yote haya ya nini?"

"Haya, sema unapenda kupiga pasi. Tumia 'enjoy'."

"I enjoy to iron."

"Hapana, Mama. 'Enjoy' haitaki 'to'. Inataka 'ing'."

"Ina maringo hiyo."

Akarudia kosa lilelile mpaka nikapandwa na hasira, nikamfokea kama wale wanafunzi wangu wa nyuma ya darasa. Aliendelea na kola ya shati, midomo ikimchezacheza, nami roho ikaniuma.

Nilimwomba kaka amwambie mtoto amuulize bibi yake anapenda kufanya nini. Jumapili akauliza kweli, polepole, kwa Kiingereza chake kizuri.

"I enjoy..." Mama akakwama. Niliona wazi kwamba pasi imemtoka kichwani. Nikanyoosha mkono nipokee simu, kama kawaida.

"I enjoy hearing you," akasema.

Hilo sikumfundisha. Neno lenyewe, 'hear', nadhani aliliokota mdomoni mwangu, Jumapili zote zile nilipokuwa nikipayuka kwenye simu kuuliza kama nasikika. Mkia aliufunga mwenyewe.

Upande wa pili mtoto akacheka, akaanza kumwaga maneno ambayo Mama hakuyaelewa hata nusu. Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Mama akanipa mgongo.