Gari la Wazi la Bi Knauss

Mume wangu Eugen alilitaka gari la wazi kabla hajanitaka mimi. Nililijua hilo siku ya kwanza aliponipeleka kunywa kahawa Schorndorf. Ilipita Mercedes nyeusi ya paa la kukunja, akaacha alichokuwa akisema katikati, akaisindikiza kwa macho mpaka ikakata kona. Lakini kwanza ilibidi tujenge, na sisi watu wa bonde la Rems tukisema kujenga tunamaanisha kujinyima hata sabuni. Halafu watoto wakasoma, halafu paa la nyumba likavuja, halafu jiko likachakaa. Kila lilipotokea tangazo la gari la wazi gazetini, Eugen alilisoma kwa sauti, akalitolea kasoro moja moja, akakunja gazeti na kwenda kufagia ngazi.

Mwezi wa Mei mwaka huu jirani akatuambia kwamba kuna mjane kule Beutelsbach anauza Mercedes ya mwaka sitini na nne. Viti vinne vya ngozi, paa la turubai, na haijawahi kutoka mikononi mwa familia moja. Tulikuwa tunakula dengu na tambi. Eugen akaweka kijiko chini.

"Twende tukaione," akasema.

Nusura nilie palepale mezani, kwa sababu kuona ndiko kulikokuwa kumemshinda. Macho ya mume wangu yalikuwa yanakufa, na mimi nilijua tangu Krismasi. Alimimina mchuzi nje ya sahani, akasema sahani imesogea. Alikaa na gazeti asubuhi nzima bila kufunua ukurasa. Akaanza kuniachia usukani, eti mgongo unamuuma, mtu ambaye katika ndoa yetu yote aliniachia usukani mara moja tu, alipovunjika mguu. Akapanda treni peke yake kwenda Stuttgart kwa daktari wa macho, akarudi na mkate, akasema alikuwa kwa mwokaji. Treni mpaka Stuttgart kufuata mkate!

Sikumwambia kitu. Nilijisemea, ni mtu mzima, atasema mwenyewe. Kila siku aliyonyamaza nilimkasirikia, na nilimpenda vilevile, na hasira na mapenzi vikakaa pamoja kifuani mwangu bila kugombana.

Njiani niliendesha mimi.

"Breki, Linde! Taa nyekundu!"

"Ni kijani, mzee."

"Imebadilika sasa hivi."

"Haya, imebadilika."

"Na klachi hiyo unaikanyaga kama unaponda viazi."

Bi Knauss tulimkuta uani na ufagio mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka themanini na kitu, aproni imepigwa pasi, na ua umefagiliwa mpaka ungeweza kulia chakula chini. Gari alikuwa ameshalitoa nje, paa limekunjwa. Lilikuwa zuri mpaka nikasahau nilichotaka kusema. Halafu nikauona mkwaruzo. Ulianzia kwenye kishikio cha mlango wa dereva ukaenda mpaka karibu na gurudumu la nyuma, mpana na wa kina, na ndani yake rangi ya chini ilikuwa inaonekana. Kiti cha nyuma nacho kilikuwa kimetafunwa pembeni. Bi Knauss akajisimamisha kando ya mkwaruzo ule, akafunga mikono kifuani, akangoja.

Nilijua anangoja nini. Kwetu mtu mwenye nia ya kununua hasifu. Ananung'unika. Anazunguka kitu, anakigonga, anavuta pumzi, anauliza ni mjinga gani aliyekitendea hivi. Ndiyo heshima yetu hiyo. Maana yake umekitazama kweli, na unataka kuishi nacho. Anayesifu ni mpita njia, au dalali. Na katika kunung'unika Eugen hakuwa na mpinzani. Siku ya harusi yetu alimwambia mchungaji kwamba kengele ya kanisa inachelewa. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa alimtazama kwa muda mrefu, akasema masikio yangeweza kuwa madogo kidogo, huku machozi yanamtiririka.

Sasa Eugen akalizunguka gari. Akapitisha kiganja juu ya boneti, akagusa kioo cha mbele, akagusa taa. Alipofika upande wa dereva akaweka mikono mgongoni, kama mtaalamu, akaupita mkwaruzo wote.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, Bi Knauss. Haina hata doa."

Nikamgeukia Bi Knauss.

"Haina doa," Bi Knauss akarudia.

"Kama mpya."

Bi Knauss akauegemeza ufagio ukutani. "Kahawa nitawapa, maana mmetoka mbali. Mkishakunywa, mwende salama. Siuzi."

"Huuzi? Lakini jirani yetu amesema..."

"Nauza kwa mtu atakayeiendesha! Juzi alikuja kijana kutoka Munich, suti, viatu vimechongoka, naye wimbo wake ulikuwa huohuo, kama mpya, kama mpya. Kumbe anataka kuifungia ghalani mpaka bei ipande. Marehemu Albrecht wangu hakuwa akiiosha gari hii kila Jumamosi ili ikafie ghalani. Nyie madalali mnakuja na wake zenu siku hizi, mnadhani sitawajua."

"Mimi, dalali?" Eugen aling'aka. "Mimi ni mzaliwa wa Schorndorf!"

"Ndiyo mbaya zaidi."

Alisimama pale mdomo wazi, mzee wangu, hajui amekosea wapi. Kwangu lilikuwa jambo la neno moja tu: haoni. Ningemvuta Bi Knauss pembeni nikamwambia, na gari tungelipata. Lakini neno lile halikuwa langu kulisema. Na kama lisingesemwa, tungerudi nyumbani mikono mitupu, naye asingeomba tena kwenda kuona gari lolote. Nilimjua. Basi nikafanya nilichodhani ni ujanja. Nikanung'unika kwa niaba yake.

"Bi Knauss, msamehe, leo ameamka na adabu nyingi. Mimi nauliza, huu mkwaruzo wote mlangoni je? Ni mkono wa nani huu?"

Eugen akageuka. "Mkwaruzo gani?"

Alikuwa amesimama karibu nao kiasi kwamba goti lake lilikuwa linaugusa.

Bi Knauss alimtazama yeye, akanitazama mimi, na mikono yake ikafunguka kifuani. Eugen alikuwa ameshaelewa. Niliona jinsi mabega yalivyoshuka, nikajilaumu, nikatamani nirudishe maneno yangu kinywani.

"Sioni, Bi Knauss," akasema taratibu. "Katikati pameondoka. Nabakiwa na pembeni, na ukungu. Daktari anasema hata pembeni patafuata. Sikutaka mke wangu ajue."

"Anajua tangu Krismasi," nikasema, na sauti ikatoka kali kuliko nilivyotaka. "Tangu Krismasi, mpumbavu wewe! Mkate gani ule wa kufuatwa Stuttgart?"

"Ulisema ni mtamu."

"Ulikuwa mkavu!"

Bi Knauss akaingilia. "Sasa mtu asiyeona anataka gari la nini?"

Eugen alifikiri. "Nimengoja mno," akasema. "Kila mwaka nilisema mwakani. Sasa nikisema mwakani tena, hata hicho kipande cha pembeni sitakuwa nacho."

"Na ataendesha nani?"

"Yeye. Anaendesha vibaya, lakini sina mwingine."

Hapo Bi Knauss akamshika mkono. Hakumuuliza. Akauvuta mpaka kwenye kishikio cha mlango, akaviweka vidole vyake mwanzo wa mkwaruzo. "Haya," akasema. "Anzia hapa."

Vidole vya Eugen vikatembea. Vilipita polepole, vikasimama, vikarudi nyuma kidogo, vikaendelea mpaka mwisho. Kisha akavuta pumzi, na mimi nikajua mume wangu amerudi.

"Lo! Hii nini? Mmelima shamba kwa mlango huu?"

"Ngazi ya kuchumia plamu," Bi Knauss akajibu. "Albrecht aliiangusha."

"Alikuwa amelewa?"

"Alikuwa na miaka themanini!"

"Mtu wa miaka themanini anapanda ngazi kufanya nini? Na anaegesha gari chini ya mti wa plamu?"

"Nilimwambia! Nilimwambia asubuhi ileile!"

"Na mkaiacha wazi hivi, ishike kutu?"

"Alisema ataipaka rangi mwenyewe. Hakumpa mtu mwingine kuigusa, mbishi yule!"

"Hiki kiti je? Panya?" akauliza, akipapasa kiti cha nyuma.

"Mbwa."

"Mbwa anapanda juu ya ngozi! Bwana mzima analea mbwa kama mtoto wa mfalme!"

"Alimwonea huruma! Kila kitu alikionea huruma!" Bi Knauss sasa alikuwa anapiga kelele, anacheka, anajifuta machozi kwa aproni, yote kwa pamoja. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyumba. Tangu mazishi, akatuambia, watu wote wanaokuja wanamsifu Albrecht tu. Alikuwa mwema, alikuwa mpole. Hakuna hata mmoja aliyemgombeza, na yeye peke yake amechoka kumgombeza jikoni bila wa kumuunga mkono.

Eugen akakaa karibu naye, wakaendelea. Wakamaliza buti, wakamaliza paa, wakamaliza na mambo mengine ya Albrecht yasiyohusu gari. Wakapeana mikono, na kwetu mkono ukishapeanwa habari imekwisha. Ufunguo Bi Knauss alinipa mimi.

"Pandeni nayo mpaka juu kwenye mizabibu," akasema. "Jaribuni. Mimi naweka kahawa."

Nikaendesha. Lile gari lina usukani mkubwa na mwembamba, na linakwenda kwa adabu. Upepo ulitupiga usoni. Nilingoja Eugen anipigie kelele za breki, hazikuja. Tulipoacha nyumba za mwisho Eugen akauliza, kwa sauti ya chini:

"Linde. Ni ya rangi gani?"

"Nyekundu. Nyekundu iliyoiva, karibu na nyeusi."

"Mimi nilidhani bluu."

"Tuirudishe?"

"Acha upuuzi. Tazama barabara."

Barabara ikaanza kupanda, mizabibu upande wa kulia, majani yake mapya. Na mimi mdomo ukafunguka. Nikamwambia yote niliyoyaweka tangu Krismasi. Kwamba naogopa. Kwamba kwa daktari hatakwenda tena peke yake, atake asitake. Kwamba nilikuwa naamka kabla yake nipange vikombe palepale vilipokuwa jana, ili mkono wake uvikute. Sikuwa nimewahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa mara moja. Nikamtupia jicho nione anasemaje, na yeye alikuwa amenigeuzia shavu, uso wote ameuelekeza kwenye mizabibu.

Damu ikanipanda. "Eugen! Naongea na wewe! Hata leo huwezi kunitazama?"

"Nakutazama."

"Unatazama mizabibu!"

"Nikikutazama usoni unapotea, Linde," akasema. "Nikitazama mizabibu unabaki hapa pembeni. Pua, nywele, na hicho kitambaa chako kibaya cha kichwa."

Nikapunguza mwendo. Nyuma yetu trekta la mkulima likapiga honi, nikaliacha lipige.

"Basi tazama mizabibu," nikamwambia.

Akaitazama mpaka tukafika juu kilimani. Hakugeuka upande wangu hata mara moja, nami nilikaa wima kwenye usukani, nimerekebisha kitambaa, kwa sababu mume wangu alikuwa ananiangalia.