Mkono wa Bukari

Mke wangu Eugénie anasonga bukari, ugali wa kwetu Kongo, kuliko mwanamke yeyote aliyevuka mpaka kutoka Kivu ya Kusini, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Parokia nzima hapa kambini Nakivale, Uganda, inajua. Pakiwa na ubatizo, ndoa au matanga, huitwa yeye. Hujifunga kitenge kiunoni, huibana sufuria kwa nyayo zake mbili, akausukuma mwiko mpaka unga uombe msamaha. Nilipomwoa nilijua habari ya tumbo langu imekwisha, nihangaikie mengine.

Ndipo pilau ya Hajati Zakiah ikaingia katika ndoa yetu.

Hajati ni mfanyabiashara wa Mbarara. Hununua maharage yetu, na yeye na wapishi wake watano ndio wanaopikia karibu kila harusi ya Kiislamu upande wa Ruti. Siku moja tulimpelekea magunia mawili, akatukaribisha sahani. Mimi nilikula nikanyamaza, maana mdomo ulikuwa na kazi. Eugénie alichukua punje moja ya wali kwa vidole, akaitazama, akachukua nyingine.

"Haishikane," aliniambia. "Angalia, Papa Parfait. Kila moja iko yake peke."

"Kula, mama."

"Miaka makumi tatu niko napika. Kumbe sijuwe kupika!"

Alisema kwa hasira, kana kwamba kuna mtu aliyemficha jambo hilo makusudi. Palepale akamwomba Hajati amtie katika kundi la wapishi wake. Hajati hakumtazama usoni, alimtazama mikono.

"Wewe nyabo, mkono yako ni ya posho," alisema, maana bukari huku huitwa posho. "Posho nataka nguvu. Pilawo hapana taka nguvu. Pilawo nataka wewe kaa, nyamaza, ngoja. Wewe naweza ngoja?"

"Naweza."

"Kale, haya. Enda jifunza. Siku wali yako inaanguka moja moja, kuja, mimi nakupa sufuria moja ya harusi. Ikiwa mzuri, wewe mtu yangu. Ikiwa mbaya, wewe leta maharage tu."

Basi tukarudi nyumbani na bizari ndani ya karatasi, na mateso yangu yakaanza.

Kupika pilau si uchawi. Unakaanga vitunguu mpaka viwe vyekundu, unatia viungo, nyama, maji, halafu mchele. Unafunika, unaweka makaa juu ya kifuniko, na unaiacha. Hapo penye kuacha ndipo mke wangu aliposhindwa. Mkono wake ulikuwa umezoea miaka thelathini kuwa kilichomo sufuriani kisipopigwa kitaharibika. Maji yakianza kuchemka, mkono ulinyanyuka wenyewe, ukafunua, ukasonga. Pilau ya kwanza tuliikata kwa kisu. Ya pili nayo ilikuwa bukari, ila ya kahawia. Ya tatu kuku waliikataa, na kuku wa Rubondo, mtaa wetu wa kambini, hawana historia ya kukataa kitu.

Mimi nilikula zote. Mtu akila sana hujiona mwalimu, nami nikawa mwalimu. Nilikaa kwenye kigoda changu nikamweleza kosa liko wapi: maji mengi, maji machache, moto wa haraka, moto wa uvivu. Sikuwahi kuwasha jiko maishani mwangu, lakini ushauri wangu ulikuwa haukauki. Jirani yetu Nyirabizimana, ambaye kwa miaka sita alikuwa akitutembelea kwa bahati tu saa ya chakula, alianza kupita nyuma ya choo ili tusimwone.

Eugénie hakuchoka. Alijaribu kukalia mikono yake. Alijifunga kiganja cha kulia kwenye nguzo ya nyumba kwa kipande cha kitenge, akafunua kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kwenda mbali na jiko, mpaka kwenye mahindi, akiimba zaburi nzima bila kugeuka, na aliporudi sufuria ilikuwa imeungua. Kisha akaacha hila zote, akakaa tu karibu na kuisikiliza. Aliniambia sufuria inasema: yakiwepo maji inasema hivi, yakikaribia kwisha inasema vile. Nilitega sikio. Nilisikia tumbo langu.

Mwezi wa nne wali ulianguka. Aliuinua na upawa, akaumwaga kwenye sahani, na punje zikatawanyika kila moja na njia yake. Nilikula sahani tatu na kumpongeza kwa kuwa hatimaye amefuata mashauri yangu.

"Chini inakamata kidogo," alisema, akaanza kuchagua mchele mwingine.

Nikiri hapa, maana nikinyamaza sitapata usingizi: nilitamani ashindwe. Tangu Hajati atutie pilau vichwani, bukari nyumbani kwangu ilipikwa Jumapili tu, tena haraka haraka. Kama angechukuliwa na Hajati, angekuwa Mbarara kila wiki, na mimi ningebaki na kigoda. Nilimwombea Mungu amchoshe. Mungu hakunijibu, labda naye alikuwa anangoja pilau.

Harusi ilikuwa ya Rehemah, binti wa mfanyabiashara mmoja wa pale Ruti. Hajati alimpa Eugénie sufuria moja kati ya sita, nami nikaenda naye kubeba kuni. Wale wapishi watano walikuwa wamejitanda khanga, wanajua kila mmoja pa kusimama. Mke wangu alisalimia, akaanza. Vitunguu, viungo, nyama, maji, mchele. Mkono wake haukuutafuta mwiko hata mara moja. Alifunika, akaona makaa ya juu hayatoshi.

"Papa Parfait, ukae hapa," alisema. "Naenda kukamata makaa kule nyuma. Usiguse kitu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilikaa. Mvuke ukaanza kutoka. Kifuniko kikatikisika. Nikajiambia, huyu mama amechelewa, na mwenyewe alisema chini inakamata. Nani aliyekula pilau arobaini kama si mimi? Nani katika uwanja huu mwenye uzoefu kama wangu? Nikafunua. Mwiko ulikuwa palepale, mrefu kama kasia. Nikaanza taratibu, kwa heshima, lakini kusonga kuna utamu wake, hakuna aliyewahi kuniambia. Nikasonga kama nilivyomwona yeye akisonga miaka yote ile, kwa nguvu na kwa moyo wote, mpaka chini. Eugénie aliporudi na makaa yake nilikuwa natoka jasho na kujivunia.

Aliweka makaa chini polepole na kutazama ndani ya sufuria.

Hajati alifika kabla mke wangu hajasema neno. Alichovya upawa, akauinua. Pilau yote iliyokuwa karibu iliinuka nao, ikasimama juu ya upawa kama kichuguu.

"Nani nakoroga hii?"

Wapishi wote watano waligeuka, na hakuna aliyenitazama mimi. Mwanamume na sufuria, nani angewaza? Walitazama mikono ya mke wangu. Mkono wa posho, Hajati alikwisha kusema.

Na mimi nilikaa kimya. Ningesema sikupata nafasi, ningekuwa mwongo. Nafasi ilikuwepo tele. Niliona kwamba nikinyamaza hivi hivi, tutapanda gari la Kaberebere mchana huu, tutafika nyumbani, na kesho kutakuwa na bukari. Mungu anisamehe, nilikuwa nimesimama mbele ya aibu ya mke wangu nafikiria bukari. Kisha nikaona Eugénie anaificha mikono yake nyuma ya mgongo. Ile mikono. Miezi minne alikuwa akiifundisha kutulia, na sasa anaificha kama mwizi, kwa kosa langu, wala hanitaji.

"Ni miye, Hajati," nilisema. "Yeye hakugusa. Aliniambia nisiguse, nikagusa."

"Wewe? Mwanaume napika?"

"Hapana, mama. Mwanaume anaharibu."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Hajati hakucheka. Alinionyesha kwa upawa mahali palipofungwa mbuzi wa zawadi, ukutani.

"Kaa huko. Wewe na hiyo mbuzi, akili sawa sawa. Ukigusa moto tena, mimi naita polisi." Kisha akamgeukia mke wangu. "Nyabo, watu nakuja nyuma ya swala ya adhuhuri. Mchele iko. Nyama hakuna, iko supu ya mifupa tu. Wewe naweza?"

Eugénie alikuwa ameshaanza kukata vitunguu.

Nikiwa pale na mbuzi nilimwona akipika kwa mara ya kwanza. Miezi yote ile nilikuwa natazama sahani. Safari hii hakufunga mkono popote wala hakuimba. Alifunika, akageuza beseni, akalikalia, mikono imelala mapajani kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyempa ashike. Aliinamisha kichwa upande wa sufuria. Mpishi mmoja akaja anyanyue kifuniko kuona imefika wapi.

"Bado," alisema Eugénie, bila kuinua macho.

Yule mpishi akarudisha mkono. Hajati, aliyekuwa anakuja nyuma yake na upawa, naye akasimama.

Eugénie alipofunua mwenyewe, Hajati alichota mkono mmoja wa wali, akaurusha kwenye sinia. Ulitawanyika wote mpaka pembeni. Aliutazama, akatafuna punje chache, akawaambia vijana wa kugawa chakula, "Hii peleka kwa wazee wa bwana harusi." Basi. Sifa hakutoa.

Ile niliyoisonga mimi walipewa bibi wakongwe ndani ya nyumba, wasio na meno. Nasikia waliomba waongezwe. Sitaki kujivuna.

Wageni walipokwisha kushiba, wapishi walitandika mkeka nyuma ya nyumba kula chao, kama ilivyo desturi yao. Eugénie alikuwa anaosha sufuria, hajui aende wapi. Hajati akamsukuma mpishi aliyekuwa kando yake, akapigapiga mkeka palipobaki wazi. Mke wangu akaketi. Akala tonge moja, akakunja uso.

"Chumvi haikufika," alisema.

"Nafika," alisema Hajati. "Ni bizari nazidi."

"Bizari haijazidi, Hajati. Onja tena. Ni chumvi, na ile supu ilikuwa na mafuta mingi."

"Wewe leo nakuja, tayari nafundisha mimi?"

Wakaanza kubishana, kila mmoja na Kiswahili chake, wanaonja, wanaoneshana punje, na wale wengine watano wakaingilia. Ijumaa ijayo kulikuwa na harusi nyingine, na Hajati alikuwa anamgawia kazi katikati ya ugomvi bila hata kumwuliza kama atakuja. Sijawahi kumwona mke wangu mzuri namna ile. Nilikuwa nimesimama pembeni na kamba yangu ya kuni, nina njaa ya kufa, hakuna aliyekumbuka kunipa sahani, na sikuthubutu kumkatiza.