Kimya cha Wimbo wa Nne

Mimi ni fundi wa friji. Nimeimba mara moja tu maishani, na sauti yangu ikaondolewa kabla chai haijapoa. Hata hivyo, katika albamu ya dada yangu, hakuna kilichosifiwa kama mahali pale nilipoondolewa.

Dada alikuwa mwimbaji wa roki, na watu walimwita Radi. Nyimbo zake alizitunga mwenyewe, kitandani, upande wa pili wa ukuta wangu, akizirudia mpaka nikawa naziota. Albamu ya studio alitoa moja. Wimbo wake wa nne ni wa mtu anayebisha hodi kwao usiku, gita mgongoni. Kila akiomba afunguliwe, sauti ya ndani inajibu: "Nani?" Basi, neno moja. Hata friji ingeweza.

Wa kulisema neno hilo alikuwa mwimbaji wa kukodiwa, naye siku ya kurekodi hakutokea. Mimi nilikuwa palepale studio, juu ya ngazi, natengeneza kiyoyozi chao kilichokuwa kikinguruma. Dada akaiona miguu yangu.

"Bwana Friji, shuka. Una kazi."

"Kazi ninayo."

"Hebu sema 'nani'."

"Nani?"

"Umeajiriwa."

Tukawekwa vyumba viwili, kioo katikati, kila mtu na maiki yake. Mara ya kwanza niliwahi, nikauliza "Nani?" kabla hajabisha. Mara ya pili nilichelewa, kama ni mgeni angekuwa ameshaenda zake. Mara ya tatu nikakaza. Nikatafuta sauti nene ya baba mwenye nyumba. Ilianza chini, ikapasuka katikati, ikaishia juu kama kompresa inayokata roho.

Dada alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mstari wake, na ameuimba vizuri kuliko siku zote. Akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti.

Fundi sauti, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akasema Radi ametoka vizuri mno, harudii. Abaki na kicheko chake. Yule wa "nani" atolewe. Nikatolewa, nikarudi kwenye ngazi yangu.

Kwa hiyo katika albamu unasikia hodi, ombi, kimya, halafu kicheko.

Mwandishi mmoja wa gazeti aliandika kwamba magita yana kelele na nyimbo nyingine zinafanana, lakini kicheko kile ni kilio cha kizazi kilichofungiwa mlango. Mhadhiri mmoja akakizungumzia kimya chenyewe redioni, kwa muda mrefu kuliko wimbo. Kumbini watu walikisubiri kicheko wakiwa na machozi tayari. Dada hakuweza kukitoa tena vilevile. Alikuwa akiigiza tu. Akirudi nyumbani ananipigia saluti.

"Shikamoo, Kimya. Leo umeliza ukumbi mzima."

Nilivimba kichwa, sikatai. Makala ile ya gazeti niliibandika karakana, juu ya mtungi wa gesi. Mteja mmoja akauliza inahusu nini, nikamjibu inanihusu mimi. Akaisoma yote, kisha akauliza, "Wapi?"

Asiyefurahi alikuwa mama. Mlango wa wimbo ule ulikuwepo kweli. Dada alipoacha chuo akarudi na gita, mama alikataa kumfungulia mpaka kulipokucha. Walipatana kabla ya chakula cha mchana, na dada akautania mlango ule maisha yake yote. Lakini mama alisoma gazeti, akaliamini gazeti.

"Mwanangu alikuwa anacheka huku moyo unamvuja," alisema, "na aliyemfungia ni mimi."

Dada alimweleza ukweli, akiwa anacheka, jambo ambalo halikusaidia. Kisha akaugua. Wiki tuliyomzika, redio zote ziliupiga wimbo wa nne. Mama akachomoa redio yake, akaizungushia waya, akaipandisha juu ya kabati. Kila nilipomwambia, "Mama, alikuwa ananicheka mimi," alinipapasa mkono.

"Una moyo mzuri, kitindamimba wangu. Asante kwa kunidanganya."

Kuimba vibaya kiasi kile, halafu ukose ushahidi! Nilijiona mtu mwenye mkosi kweli.

Ndipo yule fundi sauti akanipigia simu. Albamu ilikuwa inatolewa upya, naye alikuwa akizipitia rekodi za zamani.

"Kumbe sikukufuta. Nilikuzima tu. Upo."

"Nikoje?"

"Upo," alirudia.

Kampuni ya muziki ilikitaka kimya, kwa kuwa ndicho kinachouza. Yeye aliona familia iamue. Akanipa kipande chote kwenye flashi, tangu hodi mpaka pale alipozima mitambo.

Nilimkuta mama sebuleni anakunja nguo zangu, maana bado ananifulia, na hilo nalo nalikiri. Nikaweka spika mezani. Kama hata hii asingeiamini, sikuwa na kingine cha kumwonyesha.

"Sitaki kusikia, mwanangu."

"Si yeye, mama. Ni mimi."

"Wewe umeimba?"

"Ndiyo shida yenyewe."

Gita likaanza, hodi ikagongwa. Sauti ya dada ikajaa chumba: nifungulieni, nimechoka. Mama akafumba macho. Halafu nikaja mimi. Kwa miaka yote nilikuwa nikijisifia ubaya wa sauti ile, kumbe nilikuwa najipendelea. Kikafuata kicheko, na baada ya kicheko, pale ambapo albamu ilikuwa imekatwa, dada akipaliwa na kupiga kelele:

"Mama weee! Njoo umchukue mwanao!"

Mama akafumbua macho. Shati lilikuwa limebaki mkononi, limekunjwa nusu.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akataka tena. Safari hiyo mabega yake yakaanza kutikisika, nikaruka kumshika, nikijilaumu kwa nini nimeileta. Kumbe anacheka.

"Ndivyo ulivyo mbaya hivi?"

"Ndivyo, mama."

"Na mimi nilikwenda kugombana na mwalimu wa kwaya kwa ajili yako!" Akajifuta macho kwa mkono wa shati langu safi. "Aliniita. Umesikia? Ameniita hapo."

"Nimesikia."

"Waambie wamwache hivyohivyo. Na wewe ubaki humohumo."

"Mama, nitachekwa nchi nzima."

"Dada yako alikucheka. Ulikufa?"

Albamu mpya imetoka. Gazeti lilelile limeandika kwamba sauti ya kiume isiyojulikana imeharibu mojawapo ya vimya vikubwa vya muziki wetu. Makala hiyo nayo nimeibandika karakana, kando ya ile ya kwanza. Yule mteja akirudi, safari hii atanikuta.

Redio ya mama imeshushwa kabatini. Wimbo ukipigwa, ananipigia simu. Aghalabu nakuwa nimeingiza kichwa ndani ya friji ya mtu, napokea bila kutazama. "Nani?" nauliza, na upande wa pili hakuna anayejibu, nasikia tu mtu anacheka.