Golikipa wa Siku Sita

Ijumaa Lusia hakai. Kabla kuku wa jirani hawajashuka kwenye mti, sufuria mbili za maharage zilikuwa zimeshachemka, moja ya biashara na nyingine ya nyumbani, maana kesho yake jiko la nyumba ile halikuwa likiwashwa. Baada ya hapo yakafuata maji ya kuoga, nguo za kanisani na pasi ya mkaa, na huo mkaa siku hizi unapimwa kwa kopo dogo utadhani ni dawa ya mifugo. Mtaa mzima pale Kambarage ulijua kwamba ukiyataka maharage ya Mama Vumilia ya Jumamosi, uyanunue Ijumaa au ushindie mchicha.

Mumewe, Boaz, alikuwa Geita, kwenye karasha za kusaga mawe ya dhahabu. Alikuwa amekwishafukuzwa kwenye karasha za kutosha, kosa likiwa lile lile: Jumamosi haonekani. Wenzake walimwita Mchungaji, na yeye hakukasirika. Kila akifukuzwa alihamia karasha nyingine na kuanza upya kubeba viroba kama mgeni. Hayo Lusia aliyazoea. Mke wa Msabato halisi hujifunza mapema kwamba imani ina bei, na kwamba bei hiyo haishuki msimu wowote.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma alipomwona binti yake akija na sare ya shule saa za masomo.

"Vumilia! Umefukuzwa?"

"Hapana, mama. Mwalimu Apolonia kaniruhusu nije nikwambie. Mchujo umehamishwa."

"Si ulikuwa leo alasiri?"

"Ulikuwa leo. Sasa ni kesho asubuhi."

Lusia aliuweka upawa chini. Mchujo huo wa timu ya mkoa waliusubiri tangu mwaka uanze. Kulikuwa na shule moja ya bweni huko Mwanza iliyokuwa ikiwachukua wasichana wa timu za mikoa, ikawasomesha na kuwalisha bila kuwadai kitu, na Vumilia alikuwa golikipa ambaye hata waliofungwa na timu yake walimsifu. Udakaji hakufundishwa na mtu. Alipokuwa mdogo mama yake alikuwa kibarua wa kushusha matikiti sokoni. Mmoja anarusha kutoka juu ya lori, mwingine anadaka chini, na likipasuka ni lako. Vumilia alisimama chini ya lori misimu mingi, na yaliyompasukia yalikuwa machache.

"Lakini mimi nilikwenda kwa afisa michezo mwenyewe," Lusia alisema. "Nilimweleza vizuri kabisa habari za Sabato."

"Mwalimu anasema ni yeye huyo huyo aliyehamisha."

Lusia alimwomba muuza nyanya amwangalizie genge, akajifunga khanga ya pili, akaondoka.

Alimwahi Bwana Mrisho, afisa michezo, mlangoni pa ofisi yake. Alikuwa mtu wa Tabora, mnene, mcheshi, na siku hiyo alivaa kanzu iliyonyooka kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Alipomwona Lusia alifurahi kweli, kama mtu anayengojea kupongezwa.

"Shikamoo, bwana afisa."

"Marahaba, Mama Vumilia! Umekuja kunishukuru?"

"Kwa lipi?"

"Kwa lipi! Mchujo si nimekuhamishia? Ulikuwa leo. Nikawaambia wenzangu, hapana, yule mama aliniambia wao wanafungua Ijumaa jua likizama. Mtoto atadaka vipi na swaumu? Nimepigana, mama, mpaka wakakubali Jumamosi. Awe ameshafungua, amekula, amelala."

Lusia alimtazama usoni asione hata chembe ya mzaha.

"Swaumu gani, Bwana Mrisho?"

"Hiyo mnayofungua."

"Tunafungua Sabato."

"Ndiyo. Na mkishafungua si imekwisha?"

"Ikifunguliwa ndiyo inaanza! Tunaifungua Ijumaa jioni, tunaingia. Jumamosi jioni tunaifunga, tunatoka. Kama duka."

"Mama, kufunga ni kushinda na njaa. Kufungua ni kula."

"Hiyo ni ya kwenu."

Bwana Mrisho alivua kofia, akajipangusa kichwa. Halafu akacheka, na cheko lake lilikuwa la moyo mweupe, mpaka Lusia naye, pamoja na moto uliokuwa ukimwaka kifuani, akajikuta anatabasamu. Hapo palikuwa na watu wawili wacha Mungu, kila mmoja amemwelewa mwenzake kwa kamusi ya msikiti au ya kanisa lake, na mtoto ameanguka katikati.

"Basi urudishe leo," Lusia alisema. "Wasichana wote wako mjini. Alasiri bado."

Cheko likakauka. "Haiwezekani. Mgeni rasmi ameshathibitisha kesho. Turubai limekodiwa, spika zimekodiwa. Ratiba ikishapanda juu haishuki, mama."

"Siku moja tu."

"Nakwambia haisogei. Mwambie mtoto aje asubuhi, acheze, kisha akasali jioni. Mungu si mtu wa kinyongo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama tangu alfajiri, mgongo unaniuma," Lusia alisema. "Kama kuna pengine pa kuinama nionyeshe."

Adhana ilikuwa inaita. Bwana Mrisho alifunga ofisi yake, akamwomba radhi mara mbili, akaenda kusali. Hakuna aliyemzuia, na haikuwa haki azuiwe. Lusia alirudi kwenye maharage yake akiwaza hilo njia nzima.

Jioni Boaz alipiga simu kabla jua halijazama, kama ilivyokuwa desturi yake. Nyuma yake karasha zilinguruma. Lusia alimweleza yote.

"Mimi nilichagua mwenyewe," Boaz alisema. "Hakuna aliyenichagulia. Usimfunge mtoto kamba yangu."

"Kwa hiyo aende?"

"Sijasema aende. Nimesema usimfunge."

Wanaume wana vipaji vya namna hiyo: kusema neno la busara wakiwa mbali, kisha salio likaisha.

Walifungua Sabato wawili tu, kwa wimbo na sala fupi, nyumba imefagiliwa, chakula kimefunikwa. Walipomaliza, Vumilia hakunyanyuka mkekani.

"Mama, ukisema niende, nitakwenda. Ukisema nisiende, sitakwenda."

Lusia aliogopa, na tuseme ukweli, alichoogopa hakikuwa dhambi peke yake. Aliogopa siku ambayo binti yake angekuwa mwanamke wa kupima maharage kwa kibakuli, akamkumbuka mama aliyesema "usiende". Tena aliogopa siku ambayo binti huyo angekuwa na viatu vizuri na hana pa kusali, akamkumbuka mama aliyesema "nenda". Neno "nenda" lilikuwa limemfika kwenye ulimi. Alilimeza.

"Sisemi," alijibu. "Majini ulikwenda kwa miguu yako siku ya ubatizo. Sikukubeba."

Vumilia alinyanyuka, akaukunja mkeka, akaenda kulala.

Asubuhi alitoka chumbani na sketi ndefu na Biblia. Lusia alishusha pumzi, papo hapo akaona aibu kwa kuishusha. Kanisani walikaa benchi moja. Mahubiri yalipokuwa marefu aliona mikono ya binti yake juu ya Biblia, vidole vikikunjuka na kukunjika, vikidaka mipira iliyokuwa ikipigwa kwingine. Lusia aliushika mkono mmoja mpaka sala ya mwisho.

Alasiri Mwalimu Apolonia alipita nyumbani kwao. Ndiye aliyewafundisha wasichana michezo pale shuleni, mama mwembamba mwenye sauti ya filimbi, na siku hiyo vumbi lilimpaka mpaka kope.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Lusia kwa Kisukuma, akimwita mama, akaketi kizingitini bila kukaribishwa. "Hakuja."

"Nani?"

"Mgeni rasmi! Watoto wamekaa juani tangu asubuhi, mpira umewekwa katikati haujaguswa. Kila tukiuliza tunaambiwa yuko njiani. Sasa hivi ndiyo wametutangazia kwamba amepata dharura. Tumeahirisha mpaka kesho."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu aliwaponya wenyeji wawili kwa kutokuja.

Jua lilipozama Vumilia aliimba wimbo wa kufunga Sabato kwa sauti ambayo majirani waliisikia, na kabla "amina" ya mama yake haijakauka alikuwa ameshazitoa glavu zake kwenye mfuko.

Jumapili uwanja ulijaa wasichana kutoka kila upande, wa Samuye, wa Songwa, wa mjini. Chini ya turubai alikaa mwakilishi wa mgeni rasmi akitazama simu. Bwana Mrisho alimwona Vumilia akakuna kidevu.

"Jina lake tulilitoa jana. Hakuwepo."

"Hata mgeni rasmi hakuwepo," alisema Mwalimu Apolonia, "na turubai lake bado limesimama."

Bwana Mrisho alikohoa, akampa Vumilia kizibao cha kuchezea.

Lusia hakuwa mtu wa viwanjani. Alisimama pembeni na khanga mdomoni, akatazama. Uwanja ule ulikuwa mgumu kama sakafu na binti yake alijitupa juu yake bila kujionea huruma. Shuti la kwanza alilipangua kwa ncha za vidole. La pili alilidaka kifuani akaanguka nalo. Kuna msichana wa Songwa, mfupi, mwenye mapaja ya kazi, aliyekuwa tishio la siku nzima. Huyo alipiga mpira uliokuwa unaelekea kona kabisa, na Vumilia akaufikia. Uwanja mzima ukapiga mluzi. Lusia alijua binti yake anadaka. Hakujua kwamba anadaka hivyo, na machozi yalimtoka waziwazi.

Wakati wa mapumziko Bwana Mrisho aliwaita pembeni mama, binti na mwalimu.

"Sibishani, huyu ni golikipa," alisema. "Nafasi ni yake. Lakini mashindano ya mkoa yana mechi za Jumamosi, na nusu fainali ni Jumamosi. Nataka neno moja tu mbele ya mwalimu. Binti, sema utacheza siku yoyote utakayopangiwa."

Lusia alifumbua mdomo. Vumilia alimtangulia.

"Siku sita nitadaka, hata mkinipanga asubuhi na jioni. Ya saba tafuteni mwingine."

"Mwanangu, timu ya mkoa haina golikipa wa siku sita."

"Ila ina mgeni rasmi wa siku anayotaka mwenyewe," Lusia alisema. Sauti yake haikupanda wala haikutetemeka. "Jana watoto wote hawa walikaukia juani wakimngoja mtu mmoja, na ratiba ikasogea. Kwa mgeni huyo hamkuuliza hata sababu. Mwanangu anaomba siku ambayo haijabadilika tangu dunia iumbwe, mnasema hatufai."

Bwana Mrisho alitazama viatu vyake. "Mama, siyo mimi ninayepanga."

"Najua. Kila ofisi naambiwa siyo yeye anayepanga, na kila siku tunapangiwa."

 Ni haki tuseme kwamba neno hilo lilimchoma Bwana Mrisho.

"Basi jina sitalipeleka," alisema taratibu. "Nisamehe, binti yangu." Akanyoosha mkono kupokea kizibao, akamwita Aneth, golikipa wa akiba, ajiandae.

Vumilia hakukivua.

"Kipindi cha pili bado," alisema.

"Cha nini sasa? Nimeshasema jina haliendi."

"Nimesikia, bwana afisa." Aliifunga upya kamba ya glavu kwa meno. "Lakini mechi haijaisha."

Akageuka, akatembea kwenda golini, hakukimbia. Aneth alikuwa ameshasimama karibu na mlingoti. Alimwona anavyokuja, akamwangalia Bwana Mrisho, akamwangalia tena Vumilia, kisha akaenda kukaa chini nje ya mstari kama mtu aliyechoka ghafla. Bwana Mrisho aliinua mkono, akaushusha. Mwamuzi alipuliza.

Walicheza. Mwakilishi pale chini ya turubai aliweka simu mfukoni. Mpira ulikwenda huku na huku mpaka yule msichana wa Songwa alipoupata nyuma ya mabeki, akatoka nao peke yake, vumbi linamfuata, na mbele yake hapakuwa na mtu isipokuwa Vumilia. Lusia, ambaye hakuwahi kupaza sauti uwanjani maishani mwake, aliitoa khanga mdomoni.

"Toka golini, mayu! Toka!"

Vumilia alitoka. Aliruka miguuni mwa mwenzake, wote wawili wakapotea kwenye vumbi, na lilipotulia alikuwa amepiga magoti na mpira kifuani. Alisimama nao. Alikaa nao hivyo, ameligeukia turubai alikokaa mwakilishi akimtazama, muda mrefu kuliko kanuni inavyoruhusu, na mwamuzi hakupuliza.